ELIZABETH FRY, MAMA ALIYEKWENDA GEREZANI KWA HIARI YAKE



Katika ukurasa huu wa maisha ya waliotutangulia, mwezi huu nimechagua habari za mama mmoja Mwingereza aliyefariki mwaka 1845. Sababu ya kumchagua nitaisema bila kuficha. Mwaka jana dada mmoja wa kusanyiko letu alifungwa miezi sita kwa kosa la kuiba mahindi ya mgao ya jirani yake. Kosa alilitenda kweli, wala hakukana. Lakini katika miezi hiyo sita aliyekwenda kumwona ni mama yake mzazi peke yake. Mimi mchungaji wake nilifika mara moja, nikaishia getini, nikamwachia askari kipande cha sabuni, nikarudi nyumbani. Nilijiambia kwamba mambo ya gereza yana wenyewe. Sasa dada huyo amerudi. Jumapili anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na nimeona kwa macho yangu wengine wakisogea ili wasikae naye. Kwa hiyo mnaposoma habari hizi, mjue kwamba anayeandika naye anajisomea.

Elizabeth alizaliwa tarehe 21 Mei 1780 katika mji wa Norwich, mashariki mwa Uingereza. Ukoo wa baba yake uliitwa Gurney, watu wa sufu na benki, matajiri kweli. Mama yake alifariki mwaka 1792 akiacha kundi kubwa la watoto, na Elizabeth alikuwa na miaka 12 tu. Katika watoto wale yeye hakuwa hodari. Alikuwa mgonjwa-mgonjwa, mzito darasani, na mwoga kupita kiasi. Aliogopa giza, aliogopa bahari. Uoga huo haukumwacha hata ukubwani. Wapo watu wanaodhani Mungu huwatuma mashujaa tu kwenye mahali pa kutisha. Mama huyu hakuwa mmoja wao.

Jamaa yake walikuwa wa Kanisa la Marafiki, ambao wengine huwaita Quaker. Kati yetu hapa wapo wanaolifahamu vizuri, maana Marafiki walifungua misheni Kaimosi, magharibi ya Kenya, mwaka 1902, na Kibimba kule Burundi mwaka 1934, na leo wako hata Kivu ya Kusini. Marafiki wa zamani walivaa nguo zisizo na mapambo, hawakuapa mahakamani, hawakushika silaha, na katika ibada walikaa kimya mpaka Roho amguse mtu aseme. Jambo la pekee ni kwamba hata mwanamke aliruhusiwa kuhubiri. Lakini akina Gurney walikuwa Marafiki wa jina. Waliimba, walicheza dansi, walivaa rangi.

Tarehe 4 Februari 1798 Elizabeth alikwenda ibadani amevaa viatu vya zambarau vyenye kamba nyekundu. Siku hiyo alihubiri mgeni kutoka Marekani aitwaye William Savery. Binti aliyekuja kuonyesha viatu alirudi nyumbani akilia ndani ya gari la farasi. Hakubadilika kwa siku moja. Polepole aliacha dansi, akaacha rangi, akavaa gauni la kawaida na kofia nyeupe ya Marafiki, dada zake wakimcheka. Akaanza kuwakusanya watoto wa maskini, akawafundisha kusoma katika chumba cha kufulia nguo cha nyumba yao. Walifika zaidi ya sabini.

Tarehe 19 Agosti 1800 aliolewa na Joseph Fry, naye wa jamaa ya biashara na benki, wakahamia London. Walizaa watoto kumi na mmoja. Mwaka 1811 Marafiki walimtambua kuwa mhubiri. Hata hivyo alijisikia kwamba maisha yanapita katika kuzaa, kuuguza na kupokea wageni wa mume wake, na kwamba kile alichoitiwa bado hakijaonekana. Akina mama mnaosoma, nadhani mnaelewa.

Mwaka 1813 Rafiki mmoja, Mfaransa aliyehamia Marekani, jina lake Stephen Grellet, aliyatembelea magereza ya London. Alipofika Newgate, katikati ya mji, walinzi walimzuia asiingie upande wa wanawake, wakisema ni hatari. Aliingia. Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwa Elizabeth Fry, akamweleza habari za watoto wachanga waliozaliwa mle ndani, hawana nguo, na ilikuwa majira ya baridi kali. Hakumwomba ahubiri. Aliomba nguo za watoto.

Elizabeth aliwaita akina mama wenzake, wakashona vitambaa vya joto, na siku iliyofuata akaenda Newgate pamoja na mwenzake Anna Buxton. Ndani walikuta wanawake karibu 300 pamoja na watoto wao, wamesongamana katika vyumba vichache. Aliyehukumiwa kufa, aliyeiba kitambaa dukani, na ambaye kesi yake haijasikilizwa kabisa, wote walikuwa pamoja. Mahali pale pale walipika, walifua na kulala, wengi sakafuni bila kitanda. Mwenye fedha alinunua pombe mle mle gerezani. Wageni walipopita nje ya nondo, wanawake walifunga vijiko vya mbao kwenye fimbo ndefu wakazitoa nje kuomba, wakipigana kwa ajili ya senti. Jambo moja aliloliona halikumtoka moyoni: wanawake wawili walikuwa wakimvua nguo mtoto aliyekufa ili wamvike mtoto aliye hai.

Sisi tuliolala chini ya turubai moja familia tatu, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Alikwenda mara tatu hivi, akawavika watoto, akawapa wagonjwa majani makavu safi ya kulalia, akapiga magoti akaomba pamoja nao. Kisha hakurudi kwa karibu miaka minne. Vitabu vingine vinaruka hapo haraka, lakini mimi naona ni vizuri kusimama. Katika miaka hiyo alizaa tena, biashara ya mume wake iliyumba, na mwaka 1815 alimzika binti yake mdogo aliyeitwa Elizabeth kama yeye, mtoto ambaye hakuwa amefika miaka mitano. Aliporudi Newgate, karibu na mwisho wa mwaka 1816, alikuwa mama aliyefiwa anayeingia kwa akina mama waliofiwa.

Safari hii aliomba aachwe peke yake pamoja na wafungwa. Alimwinua mtoto mmoja, akawauliza mama zao kama hawaoni kwamba kuna jambo wanaloweza kufanya kwa ajili ya watoto hawa wasio na hatia. Kumbuka kwamba hakuanza na dhambi zao. Alianza na jambo ambalo yeye na wao walilipenda sawasawa. Wakakubaliana kuanzisha shule. Naye hakuleta mwalimu kutoka nje. Aliwaambia wachague wenyewe kati yao, wakamchagua msichana mmoja aitwaye Mary Connor, aliyefungwa kwa kuiba saa. Wakubwa wa gereza walisema jambo hilo haliwezekani na kwamba hakuna chumba. Akauliza kama hiyo ndiyo shida pekee, kisha akatafuta mpaka akaonyeshwa chumba kitupu. Shule ikafunguliwa, na mlangoni wakasongamana wanawake watu wazima wakiomba nao wafundishwe.

Mwezi Aprili 1817 akina mama kumi na mmoja wa Marafiki na mke mmoja wa kasisi waliunda chama cha kuwasaidia wanawake wa Newgate. Wakaajiri mwanamke wa kuwasimamia wafungwa mchana na usiku, na wenyewe wakapokezana kufika kila siku. Kisha ikaja siku ya kanuni. Elizabeth aliwakusanya wanawake wote, akasoma kanuni moja moja: kuacha kuomba-omba kwenye nondo, matusi, kamari na ulevi. Baada ya kila moja aliwaomba wanaoikubali wanyoshe mikono. Walinyosha. Waligawanywa katika vikundi vya kama kumi na wawili, kila kikundi na kiongozi wake kutoka miongoni mwao. Huenda mtu akasema kunyosha mikono ni kitu kidogo. Lakini wanawake wale tangu wakamatwe hakuna aliyekuwa amewauliza lolote isipokuwa kama wana hatia.

Kazi pia ilipatikana. Palikuwa na wafanyabiashara waliokuwa wakipeleka nguo Botany Bay, yaani koloni la wafungwa kule Australia. Akina mama waliwaendea wakawaomba wawaachie wafungwa ushonaji huo, nao wakakubali. Mfungwa akashona, akafuma soksi, na sehemu ya malipo ikawa yake, ya kumsaidia mle ndani au siku ya kutoka. Baada ya wiki chache Meya wa London alifika kuangalia, akakuta wanawake wameketi safi wanasikiliza Biblia ikisomwa. Mji ukazikubali kanuni zile ziwe za gereza, ukachangia na mshahara wa msimamizi. Yule Mary Connor alisamehewa kifungo baadaye, lakini kifua kikuu kilikuwa kimeshampata, akafariki.

Mwezi Februari 1818 Elizabeth aliitwa kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, jambo ambalo mwanamke hakuzoea kuitiwa zama zile. Shemeji yake Thomas Fowell Buxton, yule aliyekuja kuongoza bungeni vita vya kukomesha utumwa mpaka sheria ya mwaka 1833, aliandika kitabu kuhusu magereza mwaka huo huo. Mwaka 1823 ikatungwa sheria iliyoagiza, pamoja na mengine, kwamba wafungwa wanawake walindwe na wanawake. Mnajua ninyi maana ya jambo hilo, hasa mliopita vizuizi vya njiani. Siongezi neno.

Lakini mwaka huo huo wa 1818, wakati jina lake linasifiwa mjini kote, alishindwa vibaya.

Zama hizo sheria za Uingereza zilikuwa na makosa zaidi ya mia mbili yenye adhabu ya kifo, na mojawapo lilikuwa kutumia noti bandia. Katika Newgate alikuwamo Harriet Skelton, mtumishi wa nyumbani, aliyepitisha noti bandia kwa kumtii mwanamume aliyempenda. Wenzake waliokubali kosa dogo walinusurika kamba. Yeye, kwa ushauri aliopewa, alikana shtaka, akahukumiwa kufa. Elizabeth alimwombea kwa wakubwa wa Benki Kuu ya Uingereza, kisha kwa waziri wa mambo ya ndani, Lord Sidmouth. Waziri alikasirika, akaona mama huyu anaingilia kazi ya serikali na kuwaondolea watu hofu ya sheria. Harriet alinyongwa mwezi Aprili. Wapo hata waliosema kwamba kumtembelea sana kulimpa matumaini ya uongo.

Mimi nimefikiri juu ya habari hiyo mara nyingi. Kwa waziri, wema ukizidi wahalifu wataongezeka. Hata hapa kwetu nimesikia neno hilo katika baraza la wazee, kwamba tukimpokea upesi aliyeiba, kesho wataiba kumi. Sheria ile ya noti ilinyonga watu kwa miaka mingi, na noti bandia hazikwisha. Adhabu ya kifo kwa makosa hayo iliondolewa hatua kwa hatua katika miaka ya 1830. Na tangu mwaka 2002 mpaka 2017 Benki ile ile ilichapa noti ya pauni tano yenye picha ya Elizabeth Fry, akiwasomea wafungwa wa Newgate.

Wanawake wengi hawakunyongwa bali walipelekwa Australia kwa meli, miaka saba, kumi na minne, au maisha. Usiku kabla ya kuondoka walikuwa na desturi ya kuvunja madirisha na samani kwa hasira na uchungu, na asubuhi walipelekwa bandarini kwa magari ya wazi, wamefungwa minyororo, watu wakiwarushia uchafu. Mwaka 1818 Elizabeth alimwomba mkuu wa gereza wapelekwe kwa magari yaliyofunikwa, naye akaahidi kuwasindikiza mwenyewe. Usiku ule hapakuwa na ghasia. Tangu hapo kwa zaidi ya miaka ishirini yeye na wenzake walizifikia meli 106, zilizobeba wanawake kama 12,000. Mama anayeogopa bahari, akipanda meli kwa ngazi ya kamba.

Kila mwanamke alipewa mfuko. Ndani mlikuwa na Biblia, sindano, nyuzi, mkasi, na vipande vingi vya vitambaa vya rangi, ili safarini ashone shuka la viraka na huko aendako aliuze apate pa kuanzia. Aliyepitia safari ndefu bila kazi mikononi anajua jinsi mawazo yanavyomla mtu. Shuka moja la namna hiyo limehifadhiwa mpaka leo katika jumba la sanaa la taifa huko Canberra. Lilishonwa mwaka 1841 na wanawake wa meli iitwayo Rajah, kwa vipande 2,815. Walikuwa wanawake 180 hivi, na juu ya shuka walitarizi maneno ya kuwashukuru akina mama wa kamati.

Shida ilikuwa pia mahali pa kufikia. Mwaka 1819 kasisi Samuel Marsden alimwandikia kutoka New South Wales kwamba wanawake wakishuka melini hawana pa kulala, hivyo huishia kwa mwanamume yeyote mwenye paa. Alimwomba awasukume wakubwa London, akafanya hivyo. Huko nyumbani nako kamati zake zilifungua nyumba ya kuwapokea wanawake waliotoka kifungoni. Aliona mapema kwamba mfungwa akikosa wa kumpokea siku ya kutoka, kazi yote iliyofanyika ndani inaweza kupotea siku hiyo hiyo.

Sitaki mumwone kama malaika. Watu walimlaumu kwamba anawaacha watoto wake kwa ndugu na walezi, na lawama hiyo ilimuuma kwa sababu haikuwa uongo wote. Walipokua, wengi wao waliliacha Kanisa la Marafiki. Tena, katika habari zake zote nimemtafuta yule aliyeibiwa, simwoni. Mwenye saa iliyoibwa na Mary Connor hatajwi kuitwa aketi na msichana yule. Elizabeth alimwinua mkosaji, na hilo ni kubwa, lakini daraja la kumrudisha kwa aliyemkosea halikujengwa. Siku hizi wapo wanaofanya kazi hiyo magerezani na vijijini, wakiita haki ya kurejesha, ingawa wazee wetu waliokaa chini ya mti na pande zote mbili hawakungoja jina hilo.

Mwezi Novemba 1828 benki ya mume wake ilifilisika. Kwa Marafiki kufilisika na fedha za watu lilikuwa kosa, wakamwondoa Joseph katika ushirika. Maneno yakaenea kwamba fedha zilikwisha kwa sadaka za mke wake. Wakauza, wakahama nyumba kubwa. Jumapili ya kwanza baada ya aibu hiyo walijiuliza kama waende ibadani. Walikwenda. Elizabeth alikaa mahali pake pa siku zote, machozi yakimtoka mbele ya watu wote, kisha akasimama akasema neno. Nadhani baada ya siku ile aliwaelewa wafungwa kuliko kwanza.

Aliendelea. Mwaka 1835 alipoulizwa na Mabwana wa Bunge, alipinga kumfungia mtu peke yake muda mrefu bila kuona uso wa mwenzake, ingawa ndiyo iliyokuwa fikra mpya ya wataalamu. Hawakumsikiliza sana. Alisafiri Ufaransa, Uholanzi, Ujerumani na Denmark kuangalia magereza. Mwaka 1840 alianzisha chama cha wauguzi wa kuwahudumia wagonjwa majumbani. Mwaka 1842 mfalme wa Prussia alikuja Newgate, akapiga magoti pamoja na wafungwa akina mama.

Alifariki Ramsgate, kando ya bahari, tarehe 12 Oktoba 1845, akazikwa Barking karibu na mtoto wake. Watu zaidi ya elfu moja walisimama kaburini kwa kimya, kama ilivyo desturi ya Marafiki.

Wapendwa, kuhusu dada yetu: wazee wamemketisha pamoja na jirani aliyeibiwa, mbele ya wachache tu. Wamekubaliana madebe mawili ya mahindi, yalipwe kidogo kidogo kila mgao. Debe la kwanza limeshafika. Jirani alipokea, ila bado hajakubali kuketi naye benchi moja, na hatumlazimishi.

Dada mwenyewe ametuambia kwamba aliwaacha ndani akina mama wanne wenye watoto wachanga. Alhamisi ya pili ya mwezi ujao tunakwenda, na yeye ndiye atakayetuongoza njia, maana mimi naishia kufahamu geti. Nguo za watoto, sabuni na vitambaa vipokelewe kwa mama mchungaji baada ya ibada.